Chachu ya Bi Tanuri na Kongamano la Biskuti

Bi Tanuri, binti wa Fundi Matofali, mjane wa Koleo, mkwe wa yule mwanamke aliyeitwa Mama Alfajiri kwa sababu hakuna jirani aliyewahi kuamka kabla yake: hilo ndilo jina lake kamili, na anayetaka kulifupisha alifupishe akiwa mbali. Baba yake alijenga tanuri ambalo hadi leo halina ufa, wakati matanuri ya wenzake yalipasuka na wenyewe wakafuata. Mume wake, siku mpini wa koleo ulipovunjika, aliitoa mikate motoni kwa mikono yake, akazikwa na makovu hayo. Mama mkwe wake alilisha shule nzima mwaka ule unga ulipoadimika. Alichanganya nini hakuna ajuaye, na hakuna mtoto aliyebakisha. Naye Bi Tanuri, zamu yake ilipofika, alitunza chachu.

Tuelewane hapa. Sisemi hamira ya pakiti, ile ya punje punje ambayo mtu yeyote mwenye mkasi anaweza kuifungua na kujiita mwokaji. Nasema chachu hai, donge la unga uliochachuka, linalokaa kwenye bakuli la udongo lenye kifuniko. Kila unapokanda unatia sehemu yake kwenye unga, na sehemu nyingine unaibakiza, unailisha unga na maji, inaendelea kuishi. Mama Alfajiri alimkabidhi Bi Tanuri bakuli lile kabla hajamkabidhi funguo za nyumba. Alimwambia, "Mwanangu akikukosea, nitakusamehe ukiondoka. Hii ikikufia, usinisalimie." Watoto walizaliwa, mume akafa, bati likabadilishwa, chachu ikawa palepale juu ya rafu, inapumua.

Hadi siku ile ya mikate ya harusi.

Oda ilikuwa kubwa. Bi Tanuri alikuwa kitandani na homa, mkamwana wake akabaki peke yake jikoni, akikanda, akikata, akipanga kwenye trei, huku wenye harusi wamesimama mlangoni wanaulizia. Katika haraka ile akatia chachu yote. Hakubakiza hata donge la ukubwa wa gumba. Mwokaji ndiye peke yake anayeweza kufanya kosa la namna hii, kuiingiza mbegu ya miaka yote tanurini, ikaiva vizuri, ikanukia, ikasifiwa.

"Ilibaki wapi?" Bi Tanuri aliuliza alipoamka na kuliona bakuli limeoshwa, limepinduliwa likauke.

Mkamwana alikaa chini sakafuni.

"Watu wameula ukoo wetu kwa chai," alisema Bi Tanuri, "na hata mmoja hakujua anatafuna nini."

Akajaribu hamira ya pakiti. Mikate ikaumuka kama kitambi cha mlevi, asubuhi ya pili imekauka. Wateja wa siku zote wakaanza kuugeuzageuza mkate mkononi kabla ya kuuchukua. Hakuna aliyesema neno, na hilo lilimuuma Bi Tanuri kuliko matusi.

Sasa, vipande alivyowakatia marafiki vilikwisha kuwafia, na chachu ile ilikuwa na ndugu mmoja tu duniani. Miaka mingi nyuma, kwenye kongamano la waokaji, Bi Tanuri aliwahi kumkatia kipande mwanamke mmoja kutoka mji mwingine aliyeitwa Sauti ya Bati. Jina linajitosheleza. Akiongea uani, wa barabarani wanaitika. Mikate yake enzi hizo ilikuwa mizito kiasi cha kuzuia mlango usijifunge, na Bi Tanuri alimpa kipande kile mbele za watu akimwambia, "Chukua, bibi, angalau mikate yako ifanane na mikate." Watu walicheka. Sauti ya Bati naye alicheka, lakini kwa mdomo tu. Tangu hapo walikuwa wakikutana kongamanoni na kusalimiana kama watu wanaokanyagana vidole chini ya meza.

Namba ya simu yake hakuwa nayo, wala mtaa wake hakuujua. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kumpata.

"Tutakwenda kongamanoni," alimwambia mkamwana. "Wewe utabeba bakuli."

"Mama, ulisema hutakanyaga tena huko."

"Nilisema. Na wewe ulisema unajua kuoka."

Kweli alikuwa ameapa. Kongamano la zamani lilifanyika kwenye ukumbi wa shule wakati wa likizo, watu wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwenyekiti alizungumza kidogo, kwa kuwa alijua hakuna anayemsikiliza. Kisha chai, na chai ile ndiyo ilikuwa kongamano lenyewe. Kila mtu alifungua bakuli lake. Uliona, ulinusa, ulikatiwa, ulikata. Hakuna aliyeuza, na ukiombwa kurudisha ulichopewa, ulirudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na haikuandikwa popote. Mtu alirudi kwake amejua kwa nini ganda la mkate wake linapasuka ubavuni, na amejua pia nani ameachwa na mume.

Kisha wakaja waandaaji. Kongamano likahamia hoteli.

Mlangoni walipofika, mlinzi mwenye filimbi shingoni aliwanyooshea mkono. "Vyombo vya chakula haviingii, bibi."

"Bakuli tupu hilo, baba. Chungulia. Ukiona chakula, kula."

"Tupu au limejaa, haliingii. Weka pale." Akaonyesha meza iliyokuwa karibu na kibanda chake, juani, ambako mabakuli na makopo mengine yalikwisha kupangwa, yamefunikwa vitambaa. Bi Tanuri akaitazama meza ile na kushusha pumzi. Basi bado walikuwapo watu wenye akili.

Ndani alivalishwa kamba shingoni yenye kadi, kama mbuzi wa mnada. Alipewa mfuko wenye kalamu isiyoandika na picha ya mkate ambao, ukiutazama vizuri, ulikuwa wa plastiki. Viti vilikuwa vimepangwa kwa namba ili watu wasichaguane. Kiyoyozi kilivuma kiasi kwamba unga wowote uliokandwa mle ungekufa kwa baridi. Waokaji, watu waliozoea joto, walikaa wamejikunja mikono kwapani.

Mshereheshaji akawataka wapige makofi. Walipiga. Akawataka wapige kwa nguvu zaidi. Mzee mmoja nyuma ya Bi Tanuri akanong'ona, "Kwani kafanya nini?"

Kisha akapanda mtoa mada, kijana mwenye suti iliyombana kama ganda la soseji. Akabonyeza kitu, ukuta ukawaka picha. "Ndugu wajumbe," akasema, "mkate wa leo si mkate tena. Mkate ni hisia."

"Basi akale hisia mchana," alisema Bi Tanuri, wala si kwa sauti ya chini.

Mkamwana akamgusa goti. "Mama, jamani."

"Niache. Nimekuja kutafuta mtu, nimekalishwa hapa kama mgonjwa anayesubiri matokeo." Alikuwa akizungusha shingo safu hadi safu. Vichwa vilikuwa vingi na vyote vimetazama mbele. Sauti ya Bati hakuonekana, na wala hakusikika, jambo lililomtia Bi Tanuri wasiwasi wa kweli. Mtu wa sauti ile akinyamaza, ama hayupo ama hayupo kabisa.

Wakati wa chai ulipowadia, mshereheshaji akatangaza kwamba chai italetwa vitini, ili wafadhili wapate nafasi ya kuonyesha filamu ya mashine yao. Na kilicholetwa pamoja na chai ni biskuti. Biskuti za pakiti, za kiwandani. Ukumbi umejaa waokaji, wengine wameoka tangu hawajaota meno ya ukubwani, wanagawiwa biskuti mbilimbili kwenye karatasi laini. Bi Tanuri aliishika yake kwa ncha za vidole, akaigonga kwenye ukingo wa kikombe. Ikalia.

"Inuka," akamwambia mkamwana.

"Filamu haijaisha."

"Mashine haitakimbia. Inuka."

Walitoka kwa mlango wa pembeni, wakapita vyooni, wakaifuata korido iliyonuka mvuke wa sahani. Na huko nyuma, mlangoni mwa jiko la hoteli, Bi Tanuri akasikia kitu kilichomfanya asimame na kuegemea ukuta. Ilikuwa sauti. Ilikuwa inamsimulia mtu habari za tanuri linalovuta moshi ndani, na masufuria ya jikoni yalikuwa yakiitikia.

Kundi lilikuwa limekaa juu ya kreti za soda zilizopinduliwa, kadi zao wamezitupia mgongoni. Wapishi wa hoteli walikuwa wamesimama mlangoni na aproni zao, wanasikiliza. Mmoja alikuwa ameshika mkate wa mtu, anaubonyeza ubavuni, kila mtu anatoa hukumu yake. Hakuna aliyepiga makofi. Na katikati, amekaa kwenye kreti mbili kwa sababu moja haikumtosha, Sauti ya Bati.

"Loo! Bi Tanuri! Hujafa?"

"Nilikuwa nakusubiri utangulie, ukanitandikie."

Watu wakacheka, wakasogea, akapata kreti. Bi Tanuri akakaa, akapanga kitenge chake magotini. Alizungumzia hali ya hewa. Alizungumzia bei ya kuni. Aliulizia wajukuu wa mtu ambaye hakuwa na wajukuu. Mkamwana alisimama nyuma yake, anamwona mama mkwe wake, mwanamke ambaye hajawahi kumwomba mtu hata chumvi, anazunguka neno moja kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwishowe mkamwana akashindwa. Alipiga magoti mbele ya Sauti ya Bati, akasema, "Mama, kosa ni langu. Nilikuwa peke yangu, oda ilikuwa kubwa, nikaioka yote. Sikubakiza."

Mzee mmoja akavua kofia. Waokaji wanajua msiba ukitajwa.

Sauti ya Bati aliinama, akashusha sauti, jambo ambalo halijawahi kuonekana. "Yote?"

"Yote, mama."

"Wewe inuka. Hili si deni lako." Akamgeukia Bi Tanuri. "Nataka nisikie kwa mwenyewe."

Bi Tanuri aliitazama sakafu ya korido, iliyokuwa na maji ya sabuni. Aliwaza rafu iliyo tupu. Aliwaza Mama Alfajiri, ambaye kwa haki yake huko aliko asingemwitikia salamu.

"Naomba," akasema.

"Unaomba nini, shoga yangu?"

"Usinivue nguo mbele za watu."

"Wewe ulinivua mbele ya watu, tena ukumbi mzima, na hapa tuko wachache. Unaomba nini?"

"Naomba chachu yangu." Akasita. "Naomba chachu yako. Kama unayo bado."

"Kama ninayo!" Masufuria yakalia. "Kila siku ninapoilisha ninaiambia, nakutunza wewe ili yule mwanamke siku moja aje aone mikate inayofanana na mikate! Nimeilisha nikiwa mgonjwa, nimeilisha siku ya kumzika mama yangu. Tangu uache kuja, kila kongamano naibeba nikuonyeshe, na wewe huonekani, unaringa nyumbani! Nimeibeba hata leo, kile kijitu chenye filimbi kikaniwekea juani."

Bi Tanuri alisimama ghafla, kreti ikaanguka. "Juani? Tangu asubuhi?"

Waliondoka wote pamoja, wazee na wapishi, wakakatiza katikati ya ukumbi kwa kuwa ndiyo ilikuwa njia fupi. Mtoa mada mwingine alikuwa jukwaani, anaeleza namna ya kuwaunganisha wadau. Akanyamaza, akawaangalia wadau wakipita mbele yake kwa mbio. Baadhi ya waliokaa wakainuka kufuata, bila kujua kuna nini, ilimradi ni nje.

Kibandani mlinzi alikuwa amesimama mbali na meza yake, mkono kwenye rungu.

"Mama, hivi vitu vyenu vinapumua," akasema. "Mimi sivigusi."

Jua lilikuwa limefanya kazi yake. Vitambaa vilikuwa vimenyanyuka, vifuniko vimelala pembeni. Chachu ya Sauti ya Bati ilikuwa imepanda, ikamwagika ukingoni, ikashuka kwenye mguu wa meza, imejaa mapovu, inanuka vilevile kama tofaa lililoiva sana na shati la Mama Alfajiri. Bi Tanuri akachomeka kidole, akakilamba. Mkamwana ndiye aliyeona kwamba kidevu kinamtetemeka, akageuka kumkinga asionwe.

"Kata mwenyewe," alisema Sauti ya Bati. "Na usikate kwa aibu, kata kipande cha maana."

Ndani, kipaza sauti kilikuwa kinaita majina ya watu wapokee vyeti vya ushiriki. Wa pale mezani hakuna aliyekwenda. Watu walikuwa wanafunua, wananusa, wanakatiana, wanatukanana kwa raha. Bakuli la Bi Tanuri liliingizwa kwenye mfuko wa kongamano, ambao angalau hapo ukapata kazi. Kalamu alimwachia mlinzi.

Njiani kurudi alimpa mkamwana bakuli alibebe.

"Mwakani utakwenda wewe. Mimi nimeshamaliza kuomba. Utakaa kwenye viti vyao, utakula biskuti yao, usinitie aibu. Wakianza filamu, utatoka kwa mlango wa pembeni."

"Sawa, mama."

"Utakata vipande, utawapa watu. Na usiwape rafiki zako tu, unasikia? Rafiki atakwambia pole, imenifia, na wewe utasema si kitu. Mtafute mwanamke asiyekupenda. Yule anayekusema ukigeuka. Huyo mpe kipande kikubwa, tena mtie na neno la kumuudhi. Ataitunza hadi afe."

Mkamwana akahamishia bakuli mkono mmoja. "Na kama sina mtu wa hivyo?"

"Unakwenda kongamanoni," alisema Bi Tanuri. "Utampata. Shika bakuli kwa mikono miwili."