Bastola ya Bwana Mkubwa na Mafuta ya Kondoo

Watu wakisikia kwamba niliolewa na askari wa Mdachi wanadhani niliolewa na mtu mkali. Mkali wapi! Mume wangu alikuwa Mnyamwezi mpole, mtu wa swala tano, na kitu pekee kilichowahi kumkosesha raha duniani ni bastola ambayo haikuwa yake.

Ililetwa kutoka Ulaya ndani ya kisanduku, mpya, nyeusi, inang'aa. Bwana Mkubwa wa boma la Arusha alikuwa na nyingine kuukuu ambayo aliivaa kiunoni, lakini hii mpya hakutaka ikae kiunoni kama kitu cha kawaida. Alitaka ibebwe. Akamchagua mume wangu atembee nyuma yake nayo ndani ya mfuko wa ngozi, na kila alasiri aende nayo kwetu, kwenye vibanda vya askari, aifute vumbi na kuirudisha. Akamwambia mbele ya wenzake, kwa Kiswahili chake cha amri, "Ikianguka, hamsa ishirini." Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Viboko ishirini na vitano, umelazwa kifudifudi uwanjani, watu wanatazama.

Kuanzia siku ile sikuwa na mume, nilikuwa na mlinzi wa yai. Asubuhi maswali, jioni maswali. Je, ikianguka inavunjika? Vile vyuma vyembamba vya ndani vinastahimili jiwe? Je, ikianguka inafyatuka yenyewe? Akamuuliza shaushi, mkuu wao. Shaushi akasema yeye ni mtu wa bunduki, habari za watoto wa bunduki aulizwe Mdachi. Na nani angethubutu kumuuliza Mdachi? Basi mume wangu akatafuta jiwe lenye uzito kama wa bastola, akalitia mfukoni, akawa anazunguka nalo uani, analitoa, analirudisha, analitoa, analirudisha, mpaka kuku wakamzoea. Siku moja akaifunga bastola kwenye kifundo cha mkono wake kwa kamba. Bwana Mkubwa alipoiona kamba alicheka mpaka akawa mwekundu, kisha akaikata kwa kisu.

Hicho kicheko kiliniudhi kuliko matusi. "Mrudishie," nikamwambia mume wangu. "Ana mikono miwili. Aibebe mwenyewe."

"Bibi wee, unataka niuawe?"

"Hofu itakuua kabla ya kiboko."

Alininunia kutwa nzima.

Sasa mimi. Mimi ni Mwarusha, nimezaliwa kule juu kwenye migomba, upande wa magharibi wa mlima Meru. Kwetu, chuma kilichotoka kwa mhunzi hakishikwi kikavu. Wahunzi ni watu wa peke yao, hatuoi kwao wala hawaoi kwetu, na walichokiunda kinatoka na kitu cha mikono yao. Ukichukua mkuki, ukichukua panga, unapaka mafuta ya kondoo kwanza, kwenye chuma na kwenye viganja vyako, ndipo kiwe chako. Usipopaka, kitaleta damu nyumbani. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Nilipoolewa na Mwislamu nilijifunza kutia udhu, nilijifunza kupika wali, lakini hilo la chuma sikuliacha, wala hakuna aliyeniomba niliache.

Halafu naona chuma kimelala juu ya mkeka wangu, hakijawahi kuonja mafuta, na mume wangu anakonda kwa ajili yake! Nikamwambia, ndiyo maana kinakusumbua, hakijapakwa.

Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. "Hicho si cha mhunzi. Kimetoka Ulaya, kimetengenezwa na mashine."

"Na mashine ilitengenezwa na nani?"

Akasema hata hivyo nisiiguse, ameshaifuta, na akatandika mswala wake aswali alasiri.

Alipokuwa ameelekea kibla mimi nilichukua kibuyu changu cha mafuta. Niliipaka vizuri, kwa adabu, mpini wote na pembeni, kama nilivyokuwa nikipaka panga la baba yangu, nikaitia ndani ya mfuko wake. Alipomaliza kuswali akauchukua mfuko na kuupeleka bomani bila kuufungua. Siku ile nililala usingizi mzito. Nilijua nimemlinda mume wangu, na hata leo ukiniuliza nitakujibu hivyo hivyo.

Kesho yake wazee wa Kimeru waliitwa bomani. Walikuja wamechoka, wengine wametoka mbali, Akheri huko, kwa sababu Bwana Mkubwa alitaka vijana wao wakachimbe barabara na wao walisema vijana wana mashamba. Mimi nilikuwa nimeleta maziwa kwa mpishi wa askari, nikasimama kando nisikilize. Bwana Mkubwa alikaa juu ya ngazi za mawe. Mawe yale, na yajulikane, tuliyabeba sisi. Mabega ya kaka zangu yalikuwa na alama zake.

Wazee hawakuwa na haraka ya kukubali. Mmoja alimaliza, mwingine akaanza upya. Bwana Mkubwa akachoka kusikiliza, akasimama, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mume wangu akaufungua mfuko. Bwana Mkubwa akaitoa bastola na kuiinua juu ili wazee waione vizuri.

Jua lilikuwa kali. Ikamponyoka kama sabuni.

Mtume! Iligonga ngazi ya kwanza, ikaruka, ikagonga ya pili, na kabla haijatua chini watu wote walikuwa wamelala. Askari walilala. Karani alilala na kofia yake. Wazee waliinama. Na Bwana Mkubwa, mwenye bastola, alijikunyata pale juu na mikono kichwani. Mimi nilibaki nimesimama kwa sababu mgongoni nilikuwa na kibuyu kilichojaa maziwa, na sikuona sababu ya kuyamwaga.

Bastola haikulia. Ililala tu kwenye vumbi. Mzee mmoja wa Kimeru akacheka. Hakucheka sana, lakini alisikika.

Bwana Mkubwa alishuka, akaiokota, akaigeuza huku na huku, akavuta vyuma vyake, akaielekeza mbinguni na kufyatua. Mlio ukaenda mpaka mlimani ukarudi. Ilikuwa nzima, ila mkwaruzo mdogo ubavuni. Ndipo akakitazama kiganja chake, akakinusa.

"Nani amepaka mafuta?"

Mume wangu aliijua ile harufu, ndiyo harufu ya nyumba yetu. Alinitazama mara moja tu. "Ni mimi, Bwana," akasema.

Mtu ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata bei ya kuku! Moyo uliniuma, kisha hasira zikanipanda. Nikakitua kibuyu changu, nikasogea mpaka mbele.

"Anadanganya," nikasema. "Niliyeipaka ni mimi. Kwetu chuma hupakwa mafuta. Ukinipa tena leo, nitaipaka tena leo. Na imeanguka kutoka mkononi mwako, Bwana, si mwake. Wote hapa wameona."

"Nyamaza, mwanamke!" shaushi akanong'ona.

"Sinyamazi."

Wanawake hawakulazwa chini ya kiboko pale bomani, lakini minyororo ilikuwapo, na nilikuwa nimewaona waliofungwa. Niliogopa, sitaficha. Bwana Mkubwa alinitazama mimi, akawatazama wazee, na wazee nao wakamtazama yeye, wakingoja kuona yeye ni mtu mkubwa kiasi gani. Nadhani alilipima hilo. Akatabasamu.

"Haya," akasema. "Bastola nzima. Shauri limekwisha."

Akaipangusa kwa leso, akamnyooshea mume wangu. "Chukua."

Nikadhani yamekwisha. Mume wangu alikuwa amebakiza kunyoosha mkono tu, twende zetu nyumbani.

Hakunyoosha. Niliiona mikono yake ikirudi nyuma, taratibu, mpaka ikashikana mgongoni.

"Hapana, Bwana."

"Chukua!"

"Imeanguka mkononi mwako, umejisamehe," mume wangu akasema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Ikianguka mkononi mwangu, nitasamehewa na nani? Ibebe mwenyewe."

Sikuyaamini masikio yangu. Maneno yale yale niliyomwambia uani akaninunia, sasa anamwambia Mdachi mbele ya boma zima. Nilitaka kumwambia basi, chukua, imetosha. Nilitaka pia kupiga kigelegele. Sikufanya lolote.

Walimvua sare palepale. Wakamlaza uwanjani, na aliyeshika kiboko alikuwa mwenzake, jirani yetu wa kibanda cha pili. Mume wangu alilia, ndiyo, alilia kama binadamu yeyote. Shaushi alisimamisha kipigo katikati, akainama, akamuuliza kama ataibeba. Akasema hapana. Akaulizwa tena. Hapana. Mimi nilisimama mahali ambapo akiinua kichwa ataniona, na kila alipokiinua aliniona.

Tulihama siku ile ile. Nilibeba mkeka na vyungu, yeye alitembea kifua wazi kwa sababu mgongo haukukubali nguo, tukapanda polepole kwenda kwa wazazi wangu. Habari ilikuwa imetutangulia, na kama kawaida ilikuwa imefika imepinda. Kwenye kila njia ya migomba watu walitoka kututazama, wakamwonea huruma, wakaniuliza mimi kwa sauti ya chini, "Ndiye huyu aliyeangusha bastola ya Mdachi?"

"Hakuangusha kitu," nikawajibu, kwa sauti kubwa ili hata walioko mashambani wasikie. "Alikataa kuibeba."