Taa Zilizocheza Mbele ya Baba

Baba yangu alikuwa askari magereza, na kazi yake huko ilikuwa umeme. Karibu miaka thelathini alikaa Mbale, akitengeneza taa za kambi na kuwafundisha wafungwa ufundi katika karakana. Yeye alitoka kaskazini, mama alikuwa Mgisu, mwenyeji wa Mbale, na walipooana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi nyumba yetu ikawa ya Kiswahili. Shuleni wenzangu walinicheka kwamba kwetu tunaongea lugha ya bunduki, lugha ya askari. Mimi sikuwa na lugha nyingine ya kumwitia baba.

Mama alipofariki, baba alikataa kuhama Mbale. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukafungwa. Nikamleta kwangu Jinja, Mpumudde, ninapofundisha shule ya msingi. Sina mume, na mtoto sikujaliwa. Tulikuwa wawili tu, na jirani yangu, mwanamke Mwislamu anayeuza vitambaa barazani pake, ndiye aliyekuwa akimwangalia nikiwa kazini.

Baba alibakiwa na neno moja: bado. Ukimwuliza kama ameshiba, bado. Ukimwuliza kama anasikia baridi, bado. Asubuhi nikimwamkia, bado. Alijua kwamba silo alilotaka kulisema. Kila lilipomtoka alikunja uso, kama mtu aliyeingiza mkono mfukoni akatoa funguo zisizo zake.

Alikuwa na miezi miwili kwangu taa zilipoanza kucheza.

Mwanzoni ilikuwa sebuleni. Taa inafifia, inarudi, inatetemeka kidogo, kisha inatulia kama haikufanya kitu. Nikapanda kiti nikaikaza balbu. Ikatulia siku mbili, ikaanza tena. Nikanunua balbu mpya. Nayo ikacheza. Halafu chumba cha baba kikafuata, halafu jikoni. Nikagundua kwamba nikiwasha pasi taa zote zinazimia kama mtu anayesinzia, na nikiubamiza mlango wa mbele zinapepesa.

Jirani nilimwuliza kama kwake pia ni hivyo.

"Kwangu stima iko sawa kabisa, dada," akasema. "Labda ni nyumba yako."

Baba aliziangalia taa hizo kuliko alivyoniangalia mimi. Zikianza tu, mkono wake wa kushoto unainuka. Ananyoosha kidole mlangoni, kisha anaurudisha mkono kwenye goti na kuzungusha vidole viwili hewani, mara tatu, mara nne. Mwalimu mimi, kazi yangu ni kuwaelewa watoto wasiojua kusema wanachotaka. Nikajiambia kwamba nimeelewa. Mlangoni maana yake anataka kutoka nje. Kuzungusha vidole maana yake redio, kwa sababu redio yake ilikuwa ya zamani, ya kuzungusha kitufe.

Kwa hiyo kila taa zilipocheza, nilimnyanyua nikamketisha barazani, nikamwekea redio pajani na kumtafutia stesheni.

"Hapo sawa, baba?"

"Bado. Bado. Bado!"

Akaisukuma redio ikaanguka. Mara nyingine alilia, na mimi sikuwahi kumwona baba akilia hata siku tulipomzika mama. Daktari alishaniambia kwamba wagonjwa wa kiharusi hulia bila sababu. Nikalishika hilo. Nikamfuta machozi kwa leso, nikaongeza sauti ya redio.

Nikaita fundi kutoka Mafubira, Msoga mmoja mpole mwenye testa, bisibisi ya kupimia umeme, mfukoni mwa shati. Alifungua swichi ya sebuleni akaibadilisha. Akagusa waya huku na huku, testa ikawaka kila mahali. Akafungua boksi la meinswichi lililo ukutani barazani, akatazama fyuzi, akalifunga.

"Mama, moto wa stima unafika vizuri," akaniambia. "Hapa ndani hakuna kitu imeregea. Shida iko nje, kwa nguzo."

Wakati wote huo baba alikuwa kwenye kiti chake, mkono juu, akizungusha vidole. Fundi akamwonea huruma, akamshika ule mkono kwa mikono yake miwili na kumwamkia. Baba akauchomoa.

Nikapiga simu kwa watu wa umeme. Wakasema watakuja. Nikapiga tena wiki iliyofuata, wakasema tena watakuja. Nikaanza kuandika kwenye daftari saa ambazo taa zinacheza, nikidhani nikiwa na maandishi mtu atanisikiliza. Hakuna aliyeliomba daftari. Kukawa na harufu pia, hafifu, kama plastiki iliyosogezwa karibu na jiko. Nikadhani ni jirani wa nyuma anachoma takataka. Kusema kweli nilichoka. Narudi kutoka shuleni, namwogesha baba, namlisha, nafua, kisha taa zinaanza, na baba naye anaanza. Kuna jioni nilizima taa zote kusudi, tukakaa na mshumaa, ili asizione. Alitulia. Nikajisifu kwamba nimepata dawa.

Mwezi huo huo akaja mgeni kutoka Mbale, rafiki ya baba tangu siku za karakana, askari magereza mstaafu kama yeye. Alishuka kwenye basi akiwa na mfuko wa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa ambayo baba aliyapenda kuliko nyama. Alisimama mlangoni, akakakamaa, akapiga saluti.

"Jambo, Afande."

Baba akajaribu kujinyoosha kitini. "Bado," akasema.

"Bado, Afande. Bado tuko," mzee akajibu, akakaa karibu naye kana kwamba ameambiwa jambo la kawaida kabisa.

Mchana huo mawingu yalikuwa mazito, nyumba ikawa giza, nikawasha taa. Nikawasha na birika la umeme ili niwape chai. Taa zikaanza kutetemeka. Baba akainua mkono, akaonyesha mlango, akazungusha vidole kwenye goti. Nikainuka nikachukue redio.

"Ngoja, binti," mzee akasema.

Akamtazama baba. Naye akauinua mkono wake, akazungusha vidole vivyo hivyo, kisha akaviachia ghafla vikaning'inia. Baba akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo. Mzee akagusa kiganja chake kwa kidole, akakipeleka kidole hicho nyuma begani. Baba akarudia hivyo hivyo, akigusa kiganja kilichokufa kwa kidole cha kushoto. Walikuwa wanaongea. Mimi nilisimama katikati ya sebule na vikombe mkononi, katika nyumba yangu mwenyewe, kama mgeni asiyejua lugha.

"Zima hiyo birika," mzee akaniambia. "Zima yote. Wapi meinswichi?"

"Barazani. Lakini yeye anasema nini?"

"Anasema skrubu imelegea. Ile ya nyutro, waya ya kurudisha umeme. Karakana yetu ilikuwa na misumeno, binti, huwezi kusikia mtu. Tulikuwa tunaongea na mikono." Akasita. "Ameanza kusema hii lini?"

Nikatangulia barazani kumwonyesha boksi.

Mzee aliizima meinswichi, lakini hakukubali kulifungua boksi, akasema macho yake yamechakaa. Nikamwita tena yule fundi. Alihakikisha kwanza kwamba umeme umekatwa kabisa kutoka nje, kisha akalifungua boksi, na safari hii mzee alisimama nyuma yake akimwelekeza. Pale waya wa kurudi ulipofungwa, skrubu ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa kucha. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka ikawa kama nta, na ubao uliobeba boksi ulikuwa mweusi, umeliwa na moto wa ndani kwa ndani. Testa haiwaki kwenye waya ule, fundi akaeleza, ndiyo maana hakuushuku.

"Mama, samahani sana," akasema. "Hii nyumba ilikuwa inaungua."

Kiti cha baba kilikuwa barazani, chini ya boksi lile lile. Mimi ndiye niliyekiweka pale. Kila alipojaribu kuniambia kuna moto ukutani, nilimbeba nikamketisha chini yake.

Fundi alikata sehemu iliyoungua, akaweka boksi jipya, akazikaza skrubu zote. Taa zikawaka zikatulia. Nikapiga magoti mbele ya baba nikamwomba radhi. Alinitazama kidogo tu, kisha akageukia taa, akaiangalia kama fundi anavyoiangalia kazi ya mwenzake. Sijui kama alinisamehe. Sijui hata kama alinisikia.

Kabla mzee hajaondoka asubuhi ya pili, nilimwomba anifundishe lugha ile ya mikono. Alinifundisha yote aliyoyakumbuka, mezani, huku baba akitusahihisha. Kaza. Legeza. Zima. Washa. Hatari. Pima. Leta ngazi.

"Na maumivu?" nikauliza. "Na kiu? Na choo?"

"Hizo hatukuwa nazo," mzee akasema. "Kama mtu ana kiu, alikuwa anatoka nje anakunywa."

Kwa hiyo nikawa ninajua kumwuliza baba kama ngazi imeletwa, ila siwezi kumwuliza anaumwa wapi. Jioni tulipiga soga hivyo. Nilimwuliza kama taa ni sawa, akanijibu kwa mkono kwamba ni sawa. Nilimwuliza tena baada ya dakika chache, kwa sababu hakukuwa na kingine nilichojua kuuliza, naye akanijibu tena kwa subira.

Mwezi uliofuata alianza ishara nyingine. Aliweka kiganja kifuani, akakigeuza, kisha akakishusha polepole hadi kwenye mkeka niliomtandikia, akakiacha hapo. Alirudia kila siku, hasa alasiri. Nilimletea maji. Nilimletea mto. Nilimletea picha ya mama, nikamletea Biblia yake, nikampeleka hospitali, wakampima wakasema hawaoni jipya. Nikampigia simu mzee Mbale, nikamweleza ishara ile taratibu, kiganja kifuani, kinageuka, kinashuka. Akaniomba niirudie, nikairudia.

"Hiyo si ya karakana, binti," akasema mwishowe. "Hiyo ni yake mwenyewe."

Baba alifariki kabla ya mvua za mwaka huo kwisha, tukampeleka kwao kaskazini. Huko niliwaonyesha shangazi zangu ishara ile, mmoja mmoja, nao wakaniuliza kwa lugha nisiyoijua, na kijana wa ukoo aliyekuwa akinitafsiria akaniambia kwamba wanataka kujua mimi nilidhani ina maana gani.