Gari Limeendeshwa na Afisa

Sijui kuendesha gari. Nimelikana jambo hili miaka yote niliyokuwa afisa wa mikopo ya magari katika Sacco yetu hapa Nakuru, na nimelikana kwa maandishi.

Siku yangu ya kwanza kazini, digrii ya uchumi ikiwa mkobani, Meneja wa Mikopo alinikabidhi fomu. "Mkopo mzuri wa gari si riba tu, madam," akasema. "Ni gari lenyewe. Likifa kabla ya deni kuisha, mwanachama atakuwa analipia chuma." Ndiyo maana chini ya fomu kulikuwa na kisanduku: *Gari limeendeshwa na afisa.* Niliona aibu kusema. Nikaweka sahihi.

Mbinu yangu ilikuwa rahisi. Mwombaji aliendesha, mimi nikakaa kushoto nikilalamikia mgongo usioniruhusu kushika usukani, tukapanda kilima cha Subukia huku nikiisikiliza injini. Sikio langu, niseme ukweli, lilikuwa zuri. Nilipohamishiwa tawi la Olenguruone, nilimnyima Mwalimu Koech mkopo wa pikapu iliyopakwa rangi vizuri mno. Meneja wa Tawi akaniita.

"Mwalimu analia huko nje."

"Gia ya pili pia inalia," nikamjibu.

Somo lingine nililompa kila mwanachama lilikuwa la udhamini. Katika Sacco, wenzako watatu lazima wasaini kwamba ukishindwa kulipa, watakatwa wao. Kwa hiyo nilisema: usimdhamini mtu ambaye hujamwona akiendesha.

Somo lilieleweka kupita kiasi. Mwaka huu, nikikaribia kustaafu mapema, nilitaka gari dogo la kunifikisha shambani kwangu Kabazi; kuendesha ningejifunza baadaye. Mkopo ulipaswa kupita kabla jina langu halijatoka kwenye orodha ya mishahara, na kamati ilikuwa inakaa Ijumaa. Wadhamini wawili nilipata: dada yangu na mama anayetupikia chai ofisini. Wa tatu hakuonekana. "Madam, si ni wewe ulitufundisha?" wenzangu waliniambia, wakarudi kwenye kompyuta zao.

Vijana sasa hupima mkopo kwa simu, na siwacheki. Mimi nilijifunza kazi yangu vizuri zaidi katika wiki hiyo moja niliyokaa upande wa pili wa meza. Fomu niliyoipenda miaka yote ghafla ilikuwa ndefu, tena yenye dharau.

Jumatano mchana simu ikalia.

"Madam, ni Koech wa Olenguruone. Nasikia unatafuta mdhamini."

"Mwalimu! Wewe niliyekunyima pikapu?"

"Aliyeinunua aliishia kuiuza kwa kilo. Nitakusainia. Lakini si ulisema lazima nikuone ukiendesha? Kesho asubuhi niko Nakuru. Twende Subukia, mimi nitakaa kushoto nisikilize."

Nikajishika kiuno.

"Madam, uko?"

"Mwalimu, huu mgongo wangu..."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Mgongo! Madam, hata watoto wa shule yangu walijua hujui kuendesha. Leta fomu nisaini. Lakini funguo nitakaa nazo mimi mpaka upite mtihani."