Kamba ya Kichwa cha Baba

Safari ya Iringa niliipanga mimi, ya siku mbili tu: boma la Wajerumani, jiwe la Gangilonga, kisha Kalenga, kwenye nyumba ya kumbukumbu lilikowekwa fuvu la mtemi wa Wahehe lililorudishwa majuzi kutoka Ulaya. Nilikuwa mwalimu mpya wa kike Mbeya na nilijiona najua kila kitu. Bibi yangu, Mhehe aliyeolewa huku kwetu, akaomba tufuatane. Nilidhani amekumbuka kwao tu.

Boma alilipa mgongo. Gangilonga, jiwe ambalo watu husema linaongea, alilibandikia sikio, akatulia kitambo, halafu akaitikia, "Kamwene," kama mtu aliyesalimiwa mlangoni kwake. Nilicheka. Hakukuwa na upepo, na kicheko changu kiliporudi kutoka mawe ya upande wa pili kilikuwa kizito, cha mwanamume. Sikucheka tena siku hiyo.

Kalenga, mbele ya kioo kilichofunika fuvu, Bibi alifungua pindo la khanga akatoa kamba kavu ya majani yenye fundo moja. Ndipo akanieleza. Mama yake alimpima mumewe kichwa kwa kamba ile ili amsukie kofia. Kofia haijaisha, mume akaenda vitani pamoja na mtemi. Alirudishwa bila kichwa, kwani Wajerumani walikichukua; ndugu wakamtambua kwa miguu. Walizika kiwiliwili, lakini matanga mama yake alikataa yasianuliwe mpaka kichwa kije. Mama akafa akingoja, Bibi akaendelea kungoja.

"Walienda pamoja," alimwambia mlinzi wa nyumba ile. "Kama cha mkubwa kimerudi, cha baba yangu kiko hapahapa. Nipimie, mwanangu."

Mlinzi hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Shikamoo, Bibi. Kimekuja hiki kimoja tu. Jana alikuja mama mmoja na jino. Juzi mwingine alikuja na jina peke yake."

Niliona aibu kwa kutokujua. Bibi akapiga magoti. "Mtemi, wewe umefika kwako. Sasa mruhusu na huyu mtu wako. Matanga yamekaa sana."

Kisha akainuka, akaibeba ile kamba kwa mikono miwili, viganja vimeachana, kama anayebeba chungu kilichojaa. "Twende, baba," akasema. Mlangoni mlinzi alisogea kando, akatupisha, akangoja kidogo, ndipo akafunga.

Kwenye basi alikaa dirishani, akanisukumia mwisho wa kiti. Kamba akailaza katikati yetu kwa duara, akasinzia. Kwa mara ya kwanza nilimwona amelala mdomo wazi, bila wasiwasi, kama mtoto.

Kituo cha Igawa wakapanda watu wengi na magunia yao. Kondakta akanijia amenuna. "Mwalimu, sogea basi! Watu wamesimama, wewe umeacha nafasi!"

Nikaitazama ile nafasi. Ndani ya duara la kamba, mto wa kiti ulikuwa umebonyea.

Nikavuta gauni langu karibu, nikamwambia, "Pana mtu."