Kona Niliyoihukumu Vibaya

Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi huko Kibosho, miaka ile watu walipoanza kung'oa kahawa na kupanda nyanya. Refa tuliyemzoea alihamia Moshi mjini, na kwa kuwa mimi nilikuwa na kitabu cha sheria za soka, parokia yetu ikaona ninatosha kuchezesha mechi zake. Kitabu nilikuwa nimekisoma. Mchezo wenyewe sikuujua.

Jumapili yangu ya kwanza, timu yetu ilicheza na parokia jirani. Kipa wao alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mrefu na mkimya. Dakika za mwisho, bado hakuna bao, tukapata kona. Mshambuliaji wetu mmoja akaenda kusimama mbele ya kipa. Kipa akienda kushoto, naye yumo. Akienda kulia, naye yumo. Mpira wala hakuutazama. Haya yote niliambiwa baadaye, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa mpigaji. Mpira ulipokuja, kipa aliruka akakwama mgongoni mwa yule bwana, mchezaji wetu mwingine akafunga kwa kichwa. Nikapuliza filimbi: bao.

Majirani walinizingira. Mmoja akanikaba ukosi wa shati. Aliyepenya akautoa ule mkono ni kipa mwenyewe.

"Mwacheni mwalimu," alisema. "Hakuona." Kisha akanigeukia. "Kesho ukimaliza vipindi, pitia nyumbani."

Nilikwenda na hofu. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kumbe umekuja kweli!"

Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. Alipanga madumu mawili ya maziwa uani yawe goli, akamwita mkewe awe mshambuliaji. Mama yule alifuta mikono kwenye kanga, akasimama mbele ya mumewe, tuli.

"Hapa ana kosa?"

"Analo," nilijibu.

"Hana. Uwanja ni wa wote, kusimama si kosa." Kisha akasogea pembeni, na mkewe akamfuata huku akicheka, viwiko nje. "Na sasa?"

"Sasa anakuzuia, na mpira hana habari nao."

"Basi. Kona ikitaka kupigwa, mpira utakuja tu. Wewe tazama miguu ya aliye mbele yangu."

Tulirudia mpaka mama akachoka, akaenda kutuletea mtori wa ndizi na nyama. Nikamuuliza kipa kwa nini anajisumbua na mimi.

"Kuna refa mmoja kwetu walimpiga, hakurudi," alisema. "Msimu mzima hatukucheza."

Mechi ya marudiano ilikuwa kwao. Safari hii mshambuliaji wao ndiye aliyemzuia kipa wetu, na mpira ukaingia. Nilikuwa nimeiona miguu. Nilikataa bao, nikanyoosha mkono juu kuonyesha ni faulo. Kelele zikapanda, ila kutoka goli la pili nikasikia sauti moja niliyoifahamu ikimfokea yule mshambuliaji: "Umemzuia! Rudi nyuma tucheze!"

Nilichezesha miaka kumi na moja, hadi viwanja vya mjini, bila mtu kunishika shati tena. Yule kipa magoti yalipomshinda akaacha kucheza, nilikwenda kumshukuru, nikamuuliza kama lile bao lilimuuma.

"Wiki nzima," alisema, akacheka. "Hata maziwa nilimwaga."