Mzee wa mlimani aliyeitikia marahaba

Jamani, leo Mama kamwamkia mzee wa Kiarabu "shikamoo", nikaona aibu mpaka basi!

Mama ni mkulima wa Pande, kule Kilwa. Kaja kunitembelea Maskati ninakofanya kazi, nami nikamlipia ziara ya siku moja, milimani kisha pwani.

Njiani kila mara anauliza, "Hawa wanalima wapi? Mbona mawe matupu?"

Kule juu dereva akatuonyesha.

Subhanallah! Mikomamanga imepandwa ngazi kwa ngazi ubavuni mwa mlima, maji yanapita kwenye mfereji wa mawe. Mama akashika mdomo.

Ndipo akamwamkia mzee aliyekuwa akipalilia.

"Mama, hapa hawaelewi," nikamnong'oneza.

Mzee akaacha jembe. "Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Kilwa."

Akaketi palepale chini. Kumbe kazaliwa Kilwa Kivinje, akaletwa huku angali mtoto!

Akaomba tuteremke naye hadi baharini. Tulipofika akanyoosha kidole kusini. "Nilimwacha dada yangu kule."

Mlioko Kivinje, niulizieni tafadhali. Dada anaitwa Mwanaidi, walikuwa wakikaa nyuma ya soko.

Mwambieni mdogo wake Nasoro yuko hai, anamuulizia.