Siku Mama Bravin Aliporudisha Makochi

Kama hujawahi kuwa mgeni Nakuru, basi wewe hujawahi kuwa mgeni popote; kule kwingine ulipewa tu maji ya kunywa. Kwetu sisi, mgeni akisema anakuja Alhamisi, kuku anaanza kuandika wosia Jumatatu. Na katika Nakuru nzima, hakuna aliyeijua kazi ya kupokea wageni kumshinda Nangila, mama yake Bravin, wa laini za kiwanda, zile nyumba za wafanyakazi nyuma ya reli. Ndiyo maana nusura ajiangamize, yeye na nyumba arobaini pamoja naye.

Marehemu mumewe, Masinde, alishona magunia kwenye kiwanda hicho miaka thelathini na mmoja. Kiwanda kilipofunga milango, wafanyakazi waliambiwa wabaki kwenye nyumba zile, kwa kuwa hakikuwa na kingine cha kuwapa. Masinde alibaki mpaka akafa. Kisha tajiri mmoja, ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso, akanunua ile ardhi, na asubuhi moja tingatinga likafika bila barua wala hodi. Lilikuwa limekula choo na jiko la Nangila, na kutoboa ukuta wa sebule, watu walipojilaza chini mbele yake. Nangila ndiye aliyelala mbele kabisa. Mwenyewe husema hakulala, aliteleza. Lakini picha ipo.

Aliyewakimbilia kortini ni Wariara, wakili mwembamba mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na mahakama, anayetetea watu wasio na cha kumlipa. Alileta amri ya kuzuia ubomoaji, na kesi ikaanza. Kwa miaka miwili Nangila hakukosa kikao hata kimoja. Alikaa kwenye benchi akishona vitambaa vya makochi, ilhali kochi lenyewe hana, mpaka askari wa korti akazoea kumwekea nafasi. Akirudi laini anawaeleza wenzake, kama mtu aliyesomea, kwamba kesi kuahirishwa si kushindwa.

Sasa, wakili naye hali hewa. Kesi hiyo iligharamiwa na mfuko wa wahisani wa mbali, watu wenye mali walioamua sehemu ya mali hiyo itetee haki za watu wasiowajua. Muda wa msaada ulikuwa umekwisha, na kabla ya kuuongeza mfuko ulimtuma afisa wake kutoka Nairobi, jina lake Sue, aje ajionee. Bila msaada huo hakuna mpima ardhi wa kutoa ushahidi, na bila mpima ardhi kesi ingekufa, tingatinga lirudi kumalizia.

"Mama, akuje akupate tu vile unaishi siku zote," Wariara alimsihi. "Usiguse kitu."

"Ndiyo, wakili," Nangila akajibu. Ile ndiyo ya mama aliyekwisha kuamua lingine.

Alhamisi ikapambazuka na makochi mekundu ya Mzee Kimaiyo, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya Lanet aliyekuja kuishi ng'ambo ya reli, yakavushwa na wanaume wanne. Akeyo wa saluni akaleta tivi. Mama Kui akaleta thamosi na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Kapeti ilitoka mahali ambapo tusipataje, ila kila Jumapili pasta huhubiri akiwa amesimama juu yake. Juu ya makochi Nangila akatandaza vitambaa vyake kumi na viwili, akarudi nyuma, akatazama. Masinde angeiona sebule hii, angevua viatu mlangoni.

Wariara alipofika na mgeni, alisimama kizingitini kama mtu aliyekosea nyumba. Sue alikaa, akazama, akamiminiwa chai. Harufu ya kuku ilikuwa imeshafika barabarani. Akatoa simu kubwa yenye fomu.

"Mama, makochi ni yako?"

"Karibu sana, jisikie nyumbani."

"Na tivi?"

"Ukitaka taarifa ya habari, nakuwashia."

Sue akaweka alama. Akaweka nyingine. Wariara alikohoa mpaka akapewa maji. Mwishowe Sue akashusha ile simu.

"Mama, nitakwambia ukweli. Huu mfuko ni wa watu hawawezi kulipa wakili. Nikiandika hii nyumba vile naiona, ofisi itaniuliza kwa nini tunakusaidia."

Nangila akamtazama Wariara. Wakili aliinamisha macho. Mambo mengi alikuwa amemsemea mama huyu mbele ya hakimu, lakini hili si la wakili kusema. Aibu ikampanda Nangila kutoka kwenye nyayo. Alimkumbuka Masinde, aliyeficha mikono mfukoni kanisani ili watu wasione sindano za magunia zilivyoichana. Akifungua mdomo sasa aseme vitu ni vya kuazima, laini nzima itamcheka mpaka Krismasi. Siku ya tingatinga hakuwaza, miguu ilimtangulia. Leo miguu ilimgoja yeye aamue.

Akaenda mlangoni.

"Mzee Kimaiyo! Kuja uchukue makochi yako! Akeyo! Tivi! Mama Kui, vikombe!"

Vichwa vikachomoza milangoni. Kisha sauti ya Akeyo: "Mama Bravin, si ulisema jioni?"

"Jioni imefika!"

Kimaiyo, aliyekuwa akiyangoja makochi nje na wabebaji wake, akaingia, akasita. "Na mgeni bado amekalia?"

"Atasimama."

Sue akasimama, kikombe mkononi. Mama Kui akaegemea mlango. "Maliza tu, madam. Sina haraka, ni kikombe nangoja."

Kochi refu lilipoondoka, mwanga ukaingia ghafla. Nyuma yake kulikuwa na shimo la tingatinga, pana kama mlango, na nje yake vifusi vya jiko na choo. Sue akainama, akachungulia nje.

"Mama, kwa nini ulificha hii?"

"Mgeni hakalishwi mbele ya shimo." Nangila alikuwa akikunja vitambaa, kimoja juu ya kingine. "Na nilidhani unakuja kuangalia kama sisi ni watu."

Sue akamrudishia Mama Kui kikombe. Kimaiyo, aliyekuwa ameshika mguu wa kochi, akasema, "Madam, jeshi nimekaa miaka ishirini na sijawahi kulala mbele ya tingatinga. Huyu amelala. Andika hiyo."

"Niliteleza," akasema Nangila.

Sue akageuza kreti ya soda, akaikalia, akafuta fomu yote. "Tuanze upya. Vitu vya nyumbani?"

"Andika vitambaa kumi na viwili. Nimevishonea kortini."

"Na huyo kuku anayenukia?"

"Alikuwa wangu. Alikuwa."

Wakamla kwa mikono, kwenye sahani za plastiki, na Kimaiyo hakurudi kwake mpaka mifupa ilipoisha.

Mwezi uliofuata, mpima ardhi aliposimama mbele ya hakimu na kukunjua ramani yake, Nangila alikuwa kwenye benchi lake, uzi mapajani. Hukumu bado. Kitambaa cha kumi na tatu kilikuwa kimefika nusu.